Sentensi za Kiingereza, na Barua Tuliyoiandika Vibaya

Mwaka juzi, mwezi wa Novemba, jua likiwa limekwisha kuchwa, tulikuwa tumeketi barazani tukisahihisha madaftari ya watoto, akaja mama mmoja mjane, jirani yetu. Tukamwamkia Shikamoo, maana ametupita kwa miaka mingi. Naye akaitikia, akaketi mkekani, akakataa chai. Huku kwetu milimani, wakati wa mvua za vuli, mtu akikataa chai jioni, jueni kwamba amekuja na neno zito.

Neno lake lilikuwa hili. Binti yake, kitinda mimba, aliyemaliza darasa la saba mikononi mwetu, alikuwa amepata nafasi katika shule moja ya bweni ya wasichana, isiyo ya serikali, mwendo wa saa tano kwa basi kutoka kwetu. Nusu ya ada ya mwaka mama alikuwa amekwisha kulipa. Nusu ya pili ilikuwa ghalani, ndani ya magunia ya kahawa yaliyokuwa yakingoja mnunuzi. Shule ikataka maandishi yenye sahihi ya mzazi, kwamba mtoto atakuja au hatakuja, na ada iliyobaki italipwa lini. Na mkuu wa shule ile alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, mtu mwema kabisa, ila Kiswahili chake kilikuwa hakijavuka salamu. Kwa hiyo barua ilipasa iwe ya Kiingereza, na mwandishi wa Kiingereza kijijini kwetu ndiye mwalimu.

Mama akasema polepole, nasi tukayaandika maneno yake pembeni mwa daftari: "Mwanangu atakuja siku ya kufungua shule. Kahawa ikiuzwa, nitalipa ada iliyobaki." Basi, hayo tu. Tukamwambia, "Mama, usiwe na shaka, tutaiandika kwa Kiingereza kizuri."

Kiingereza kizuri! Maneno hayo mawili yametuuma tangu siku ile. Lakini kabla hatujawaeleza tuliyoyaandika, na yaliyompata binti, hatuna budi kusema kwanza jinsi sentensi za Kiingereza zinavyojengwa, maana asiyejua hayo hataona kosa letu lilikuwa wapi. Tena wazazi wengi wasomao ukurasa huu wana watoto wanaotaabishwa na somo hili hili, nao hawajui wawasaidieje.

Fungu la maneno lenye mtenda na kitenzi chake, vitabu vya shule huliita kishazi. Waingereza, wakitaka kujua sentensi imejengwaje, huhesabu vishazi vyake, kisha hutazama vimeshikana namna gani. Ukiwa na kishazi kimoja tu, hiyo ni sentensi sahili. "The child is crying", yaani mtoto analia, ni sahili, na kila mtu huiona.

Ila watoto wengi, na hata walimu wengine, hudhani kwamba sahili maana yake ni fupi. Sivyo. Siku moja tuliwaandikia darasa la sita ubaoni: "The old woman with the basket of bananas on her head went slowly down the hill to the market before sunrise." Maana yake, yule bibi kizee mwenye kikapu cha ndizi kichwani alishuka kilima polepole kwenda sokoni kabla ya macheo. Maneno 21, na kitenzi ni kimoja tu, "went". Hiyo ni sahili. Chini yake tukaandika, "I came because he called", nilikuja kwa sababu aliniita. Maneno matano, nayo si sahili hata kidogo, kwa kuwa ina vitenzi viwili, na kila kitenzi kina mwenyewe. Darasa zima wakacheka, wakidhani mwalimu amekosea kuhesabu. Tangu hapo hatujachoka kuwaambia kwamba sentensi haipimwi kwa kamba.

Aina ya pili ni ambatano. Hapo vishazi viwili au zaidi, kila kimoja kikiweza kusimama peke yake, huunganishwa sawasawa kama ng'ombe wawili chini ya nira moja. "The sun set and the goats came home": jua lilichwa na mbuzi wakarudi nyumbani. Ukiitoa "and" na kuweka nukta, unabaki na sentensi mbili nzima, wala hakuna kilichoharibika. Viunganishi vya kazi hii ni vichache, navyo ni "and", "but", "or", "nor", "for", "so" na "yet". Hivi saba mtoto aweza kuvikariri siku moja.

Vya kukaririwa ni vyepesi. Taabu iko kwingine. Kiswahili chetu kina -ka-, nayo hufanya kazi ya punda pasipo kunung'unika. "Akaamka, akanawa, akala, akaenda shambani." Matendo manne yamefuatana wala hakuna kiunganishi hata kimoja, na sikio linaridhika. Mtoto wetu akitaka kusema hayo kwa Kiingereza hufanya moja katika mawili. Ama hutia "and" mahali pa kila -ka-, hata ukurasa wake ukawa kama njia yenye mashimo, kila hatua tatu unajikwaa. Ama hatii kitu, huweka alama ya mkato tu kati ya sentensi na sentensi, na hilo Waingereza hawalikubali. Kwao mkato peke yake hauna nguvu ya kuwashika watu wazima wawili. Wataka nukta, au nukta na mkato pamoja, au mmoja wa wale saba.

Hata hivyo sisi hatutii wino mwekundu katika kila "and". Msomaji aweza kufungua Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, sura ya kwanza ya Mwanzo, aone karibu kila mstari umeanza na neno hilo. Wafasiri wale hawakuwa wachache wa maneno; walifuata mwendo wa Kiebrania, ambacho nacho hupenda kuanza jambo jipya kwa kuliunga na lililopita. Katika hadithi, mwendo huo una uzuri wake. Mtoto akitusimulia jinsi fisi alivyoingia zizini, akaweka "and" kumi, twamwachia. Katika barua ya kuomba kazi hatumwachii.

Kuna ubishi mmoja hapa unaowagombanisha walimu wakati wa kusahihisha mitihani, nao ni huu: "She sat down and wept", aliketi akalia, ni sahili au ni ambatano? Vitenzi ni viwili lakini mtenda ni mmoja, tena ametajwa mara moja. Vitabu vingi vya shule vyasema ni sahili yenye vitenzi viwili. Sisi twafuata hivyo, lakini mtoto aliyejibu ambatano na kutoa sababu zake, hatuoni vema kumnyang'anya alama zote.

Sasa twafika aina ya tatu, ambayo ndiyo yenye mali yote na hatari yote. Hiyo ni sentensi changamano. Ndani yake kuna kishazi huru, kiwezacho kusimama, na kishazi tegemezi, kisichoweza. Darasani twasema hivi: kishazi huru ni mama anayetembea njiani, na kishazi tegemezi ni mtoto aliye mgongoni. Mama aendako ndiko mtoto aendako. "Because it rained", kwa sababu mvua ilinyesha. Ukiandika hayo na kuweka nukta, umemshusha mtoto ukamwacha kando ya njia. Kila apitaye atauliza, Mama yake yuko wapi? Lakini mpe mama, "We stayed at home because it rained", tulikaa nyumbani kwa sababu mvua ilinyesha, na wote wawili wamefika.

Wasomaji msidhani hesabu hii ilizaliwa siku moja na lugha yenyewe. Mwaka 1795 Lindley Murray, mzaliwa wa Marekani aliyehamia Uingereza akakaa karibu na mji wa York, alitoa kitabu cha sarufi ya Kiingereza. Alikiandika kwa ajili ya shule moja ya wasichana ya mji ule, nacho kikapendwa, kikachapwa tena na tena pande zote mbili za bahari. Katika kitabu kile sentensi ni za aina mbili tu, sahili na ambatano. Zote zenye vishazi zaidi ya kimoja alizitia kapu moja. Katika karne ya 19 ndipo walimu walipozidi kuwatenga ng'ombe wa nira na mtoto wa mgongoni. Mmoja wao, J. D. Morell, alitoa mwaka 1852 kitabu cha kuchambua sentensi, akimfuata Becker, mwanasarufi wa Kijerumani. Na huko Marekani, mwaka 1877, Alonzo Reed na Brainerd Kellogg wakaeneza namna ya kuchora sentensi kwa mistari: mstari wa kulala wenye mtenda na kitenzi, na maneno mengine yakining'inia chini yake kama nguo kambani. Tulipoiona michoro hiyo katika kitabu kikuukuu cha maktaba ya chuo cha ualimu, tulikesha tukiichora. Tulikuwa vijana, tukadhani kwamba mtu akiweza kuichora sentensi amekwisha kuimiliki.

Kwa nini changamano huwashinda watoto wetu? Si kwa sababu hawana mawazo ya namna hiyo. Wanayo tangu kunyonya. Ila Kiswahili huyaficha ndani ya kitenzi. "Alipofika" kwetu ni neno moja. Kwa Mwingereza ni maneno matatu, "When he arrived". Tazameni tena: aliyefika, akifika, angefika, asipofika. Mzizi ni ule ule, kinachobadilika ni vipande vidogo mbele yake, na kila kipande kimemfunga mtoto mgongoni kwa kanga ya rangi nyingine. Mwingereza hana kanga hizo ndani ya kitenzi. Yampasa atafute neno la nje alitie mbele, "when", "if", "who", "although", "unless", na akikosea neno, amefunga vibaya.

Hapo ndipo makosa ya watoto wetu yanapotoka, nasi twayapenda kidogo makosa hayo, maana yanatuonyesha lugha ya mama ikichungulia dirishani. Mtoto huandika, "Although it rained, but we went." Kwetu ni sawa kabisa kusema, Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda, hata wazee husema hivyo. Kwa Kiingereza ni kosa, kwa kuwa "although" imekwisha kukiweka kishazi cha kwanza mgongoni, na "but" yataka watu wazima wawili wanaotembea sambamba. Mmoja hawezi kuwa mgongoni na njiani kwa wakati mmoja. Mwingine huandika, "The man whom I saw him". Ametazama "niliyemwona", akaona -ye- na -mw-, yule mtu ametajwa mara mbili, naye akamtaja mara mbili. Hakufanya uvivu, alifanya uaminifu kupita kiasi.

Haya yote tulikuwa tukiyajua usiku ule tulipoiandika barua ya mama. Na bado lilikuwako moja tulilolijua kwa midomo lakini hatukulijua mkononi, nalo ni hili -ki-.

"Jua likichwa, tutarudi nyumbani." Hakuna mwenye shaka kwamba jua litakuchwa. "Ukiiba, utafungwa." Hapa twatumaini hutaiba. Kipande ni kile kile, -ki-, na Kiswahili hakioni taabu yoyote, kwa sababu msikiaji huyapima mambo yenyewe, akajua lipi ni la hakika na lipi ni la huenda. Akitaka kukaza shaka, msemaji anayo "kama", anayo "iwapo", anayo "endapo". Kiingereza hakina neno la katikati namna hiyo. Mlangoni pake husimama maneno mawili, "when" na "if", na lazima uchague moja kabla hujaingia. "When the sun sets" ni maneno ya mtu mwenye akili. "If the sun sets" ni maneno ya mtu anayedhani huenda leo jua likakataa.

Mama aliposema "Kahawa ikiuzwa", alisema kama asemavyo mtu juu ya jua. Kahawa yake ilikuwa imekwisha kupimwa, ikapewa stakabadhi. Iliyobaki ni siku tu. Yeye alikuwa akitaja wakati.

Na sasa aina ya nne. Hiyo huchanganya ya pili na ya tatu. Ina vishazi huru viwili au zaidi, na tegemezi angalau kimoja. Vitabu vyaita ambatano changamano. Sisi huifundisha mwisho wa mwaka, kwa watoto wachache wanaoiweza, nasi tulikuwa tukiiheshimu kuliko zote, kama fundi aheshimuye kabati lenye milango minne. Basi usiku ule, taa ikiwaka, tukaona haya kumpelekea mkuu wa shule sentensi mbili fupi kama za mtoto wa darasa la nne. Atasemaje juu ya shule yetu? Tukayatia yote ndani ya sentensi moja. Nayo ilikuwa hivi:

"If our coffee is sold, I shall pay the remaining fee and my daughter will come on the opening day."

Mtahini asingetia alama hata moja. Vishazi vitatu, kimoja tegemezi, viwili huru, kila kitenzi na mtenda wake. Tuliisoma mara mbili kwa sauti, tukaridhika. Mama akatia sahihi chini, kwa herufi zake kubwa za kuchora, akaikunja, akaitia posta kesho yake. Alikuwa amejaribu kupiga simu kabla, haikupokelewa.

Wasomaji wenye kujua Kiingereza wamekwisha kuona. Kwanza, tumeandika "if". Wakati wa mama tumeugeuza kuwa shaka. Pili, na hili ni baya kuliko lile, kishazi kile cha kahawa tumekiweka mbele ya vyote viwili, kikavishika vyote viwili. Mama alisema mtoto atakuja. Kuja kwake hakukutegemea kitu. Kulipa ndiko kulikongoja kahawa. Sisi tukamchukua mtoto aliyekuwa akitembea kwa miguu yake, tukamfunga kwa kahawa. Barua yetu ilisema kwamba kahawa isipouzwa, ada hailipwi na binti haji.

Ingeandikwaje? Hata kwa aina ile ile ya nne, kama tulikuwa na kiu nayo, ingewezekana. "My daughter will come on the opening day, and when our coffee is sold I shall pay the remaining fee." Vishazi ni vile vile vitatu, na maneno ni karibu yale yale. Tegemezi ni moja, ila limepanda mgongo ulio wake, na neno la mlangoni limebadilishwa. Sentensi hizi mbili, ukizichambua katika mtihani, hupata jina moja na alama sawa. Hiyo ndiyo sababu tunasema kuzijua aina nne ni mwanzo tu wa kazi, nasi tulikuwa tukifundisha kana kwamba ndio mwisho wake.

Mwezi wa Januari mama na binti wakapanda basi alfajiri, na sanduku la bati, na godoro limefungwa kamba. Tuliwasindikiza hata kituoni. Kesho yake magharibi tukiwa mlangoni tukaliona lile godoro likirudi, limebebwa kichwani na binti, na mama nyuma yake na sanduku. Hawakusimama kwetu. Walitusalimu kwa mkono, wakapita.

Usiku huo hatukupata usingizi. Asubuhi tukaenda kwa mama, akatueleza. Shuleni waliambiwa kwamba barua yao ilionyesha mashaka; shule ikangoja hata mwisho wa mwezi wa Desemba, habari nyingine haikuja, kitanda kikapewa mtoto mwingine aliyekuwa akingoja. Tukaomba ruhusa ya siku mbili, tukaenda nao tena, kwa nauli yetu. Mkuu wa shule akatupokea vizuri. Akaitoa barua katika jalada, akaiweka mezani, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Hakutukemea, alituuliza tu kama ndivyo mzazi alivyosema. Tukamjibu kwamba mzazi hakusema hivyo, tuliosema ni sisi. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema kitanda hakiwezi kunyang'anywa mtoto aliyekwisha kulala juu yake, nasi tukaona ni haki. Nusu ya ada itawekwa, na nafasi itawekwa, hata mwaka utakaofuata. Ila mwezi wa Novemba mzazi aandike tena.

Katika basi la kurudi hatukuwa na la kusema. Tulipokaribia nyumbani ndipo mama aliposema, bila hasira, akitazama nje: "Mwalimu, mimi nilikupa maneno mawili. Wewe ukapeleka moja."

Kahawa ikauzwa kabla mwezi ule wa Januari haujaisha.

Mwaka mzima binti akakaa nyumbani. Mwaka mmoja si kitu katika maisha ya mzee, lakini kwa msichana wa miaka 14 kijijini, kila mtu ajua jinsi mwaka mmoja wa kukaa nyumbani unavyoweza kuwa mlango wa mambo mengine. Walikuja watu kwa mama, mara mbili, na maneno ya posa. Mama akawarudisha. Sisi tukamwomba binti awe akija jioni, tukasoma naye Kiingereza, ili mwaka usimpotee wote. Yeye ndiye aliyetuuliza swali ambalo kwa miaka 11 ya kufundisha hatukupata kuulizwa: "Mwalimu, ikiwa sahili yatosha, kwa nini unatufundisha kwamba changamano ni bora?" Tulitaka kumjibu kwamba hatukusema hivyo kamwe. Lakini tukayakumbuka maneno tuliyozoea kuandika chini ya insha, "Vema, sasa jaribu sentensi ndefu", tukanyamaza.

Tukamjibu siku ya pili yake. Tulimwambia kwamba iko kazi isiyofanywa na sahili. Mtu akitaka kueleza sababu, au sharti, au ni yupi katika wengi, sahili zitamwacha msomaji akikusanya vipande kama mtoto anayeokota shanga zilizokatika. Waraka wa Paulo kwa Waefeso, katika sura ya kwanza, tangu mstari wa 3 hata wa 14, kwa Kiyunani ni sentensi moja, na mafundisho yake yamefungamana hata wafasiri hupata taabu kuikata. Lakini Paulo alikuwa na neno la namna hiyo la kusema. Mama yako alikuwa na maneno mawili. Akafikiri, akasema, "Basi kwanza nihesabu nina maneno mangapi." Tangu hapo ndivyo tunavyoanza somo hili darasani, kwa kuwauliza watoto wana maneno mangapi ya kusema, kabla hatujataja kishazi wala kiunganishi.

Novemba iliyopita mama akaja tena jioni, na safari hii hakukataa chai. Alikuja na binti, na karatasi, na kalamu. Kalamu hakutupa sisi, alimpa mwanawe. Akasema maneno yake, nayo mwaka huu yalikuwa matatu: kwamba mtoto atakuja siku ya kufungua shule, kwamba ada yote amekwisha kulipa, na kwamba amshukuru mkuu kwa kumwekea nafasi. Binti akaandika sentensi tatu, zote sahili, kila moja na nukta yake. Akatupa tuitazame. Tuliisoma tangu juu hata chini, na mkono wetu, kwa mazoea mabaya, ulikuwa umekwisha kutafuta kalamu mfukoni. Hatukuitoa. Tukamrudishia.

Mama akamwambia amsomee kwa Kiswahili, moja moja. Binti akasoma ya kwanza, mama akainua kidole kimoja. Akasoma ya pili, akainua cha pili. Akasoma ya tatu, akainua cha tatu, akavitazama vidole vyake, kisha akaikunja ile karatasi, akaifunga katika pindo la kanga yake, akaomba aongezewe chai.